Nyuma Pasemaje?

Nilipomwona Katana kwenye khitma ya Fundi Shee, sikufurahi wala sikusikitika. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuangalia ameketishwa wapi. Nilikuwa upande wa wanawake, nikachungulia kwa pazia la mlango wa ua, nikamwona yuko jamvi la mbele, ubavuni mwa watoto wa kiume wa marehemu, amewekewa mto wa kuegemea na kisahani cha halua. Mimi nilikuwa jikoni nikimenya vitunguu tangu saa mbili asubuhi. Miaka zaidi ya ishirini imepita, nina wajukuu wawili na sukari inayopimwa kila mwezi, na bado nilisimama pale na kisu mkononi nikilinganisha mito. Wa Katana ulikuwa wa kudarizi. Ile mingine ilikuwa mitupu.

Bi Zena, mjane wa Fundi, alikuwa chumba cha ndani amekaa eda. Aliniita, nikaitika abee, nikaenda nikapiga goti kando ya kitanda chake. "Umemwona Katana?" aliniuliza. "Katoka Changamwe alfajiri, kaleta gunia la mchele. Mkirimu, mwanangu. Marehemu alikuwa akimtaja sana mwisho mwisho." Nikasema inshallah, nikarudi kwenye vitunguu vyangu, machozi yakanitoka, nikashukuru kwamba ni vitunguu. Maana katika maradhi yale ya Fundi mimi ndiye niliyekuwa nikienda kila Ijumaa na chupa ya supu ya miguu. Nilimlisha kwa kijiko. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba na mimi nilitajwa.

Basi acha nieleze huu wivu umetoka wapi, na ya kwetu nyumbani nitayaweka kando, yana wasimulizi wake. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili mwaka nilioingia ua wa Fundi Shee, pale ukiiacha Frere Town ukaishika njia ya Junda. Ua wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba yake: ukuta wa mawe ya matumbawe, kipaa cha mabati, na bampa zimetundikwa ukutani moja baada ya nyingine. Gari likigongwa, palipopinda mabati palikwenda kwa mafundi wa bodi barabarani. Plastiki ilikuja kwetu: bampa, grili, kifuniko cha kioo cha pembeni, mguu wa taa. Watu hudhani plastiki ni plastiki. Nami nilidhani hivyo nilipotoka shule na cheti changu cha kidato cha nne. Fundi Shee alikuwa akisema plastiki ni kama watu wa pwani, kwa mbali wote wamoja, ukisogea karibu kila mmoja ana kwao. Ukilichomelea bampa kwa kijiti cha plastiki ya jamaa zake, pale palipopasuka huwa na nguvu kuliko pazima. Ukilichomelea kwa kijiti cha watu wengine litashika likiwa la moto, litapigwa msasa, litapakwa rangi, mwenyewe ataondoka akikuombea dua. Kisha barabara ikilitikisa siku mbili tatu linabanduka lote.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya chuma cha kuchomelea kutiwa moto, ilikuwa kujua hiki ni cha kabila gani. Rafuni palikuwa na makopo manne ya maziwa ya unga, na kila kopo lilikuwa na vijiti vilivyokatwa kwenye bampa kuukuu za aina moja. Majina tuliyowapa yalikuwa yetu wenyewe, sijayasikia pengine. Mshumaa ndio mwingi: ukiuchoma hutoa ulimi wa buluu na kudondoka matone, na harufu yake ni ya mshumaa uliopulizwa sasa hivi. Halua hutoa masizi meusi na harufu tamu, ile ya sukari iliyoanza kushika chini ya sufuria. Unywele, unaofanyiwa matangi ya rejeta, hunuka nywele zilizoungua. Na mkaidi hakubali kuyeyuka hata umfanyeje, hutoa povu na kukohoza watu. Kopo lake halikuwa na vijiti, lilikuwa na gundi. Tulikata kijipande chembamba kwa wembe, nyuma ya bampa pasipoonekana, tukakishika kwa koleo, tukakiwashia kibiriti, tukakizima, tukanusa.

Sasa, nyuma ya bampa kiwandani huandikwa pia herufi ndogo za kuonyesha aina yake, PP, ABS na nyenginezo, na hizo ndizo zilizonipa kazi. Fundi Shee alisomea chuo cha Kurani. Herufi za Kiarabu alizisoma bila taabu, za Kizungu zilimpiga chenga, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. "Ndoo hapa, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza, "mato yangu hayanifai tena. Lala tini ya gari, uniambie nyuma pasemaje." Nikalala chini ya gari na tochi, na buibui langu nimelifunga kiunoni, nikamsomea. Tangu hapo ikawa ndiyo kanuni ya ua. Anayenusa hutoa hukumu yake kwanza, kisha huuliza, "Nyuma pasemaje?" Msomaji akasoma. Pua na herufi zikipatana, kopo linafunguliwa. Herufi peke yake hazikuaminiwa, maana bampa za kuigiza zilikuwa zikiandikwa uongo, na nyingi zilikuwa zimekwaruzika. Pua peke yake iliaminiwa pale tu herufi zilipokuwa zimefutika kabisa. Kufika mwezi wangu wa tatu pale, kifua cha Fundi kilikuwa kinamsumbua, akaanza kuniachia na kunusa. Nikawa pua na macho. Wateja walinikuta nimeshika koleo wakasema, "Mashallah, binti." Nilikuwa natembea uani kama bi harusi.

Katana aliingia miezi miwili baada yangu. Alikuwa Mgiriama, tumelingana kwa umri, ameacha shule darasa la nne, ana mikono mikubwa na sauti ndogo. Kazi yake ilikuwa msasa na kuchomelea. Nilimpenda wakati huo, nasema kweli. Nilimpenda kwa kuwa alikuwa chini yangu.

Ukaingia Ramadhani. Siku moja kabla ya kufunga, Fundi alirudi msikitini baada ya alasiri, akaketi kwenye kigoda chake na kutuita. "Nimemuuliza sheikh juu ya huu moshi wetu," alisema. "Asema kupitiwa na harufu hakuna neno, lakini moshi kuuvuta kwa kusudi, hapo pana khitilafu. Na palipo na khitilafu mimi sipiti. Basi mimi na Mwanaisha tumejitoa. Kuanzia kesho pua ni Katana, hadi mwezi wa Idi uandame." Nakumbuka nilitabasamu. Nilijisemea, huyu wa msasa anajua nini? Siku ya kwanza alipata tatu kwa tatu. Kumi la kwanza la mwezi halijaisha, akawa ananusa kijipande na kusema bampa hili limeshawahi kupakwa rangi mara mbili, Fundi anakwaruza, anakuta kweli. "Ana pua ya ngawa, wallahi," Fundi alisema, akicheka mpaka akashika mbavu. Mimi hakuwahi kunichekea vile. Wivu ulinikaa hapa chini ya koo, mahali palepale njaa ya saumu inapokaa ikifika saa tisa, hata nikawa sijui kipi ni kipi.

Bi Zena alikuwa akimwekea Katana chakula cha mchana, kwa kuwa yeye hafungi: sahani ya wali na mchuzi wa papa, imefunikwa kawa, nyuma ya mlango, ili ale kwa faragha bila kututamanisha. Nilikuwa nikipita pale naiona ile kawa. Hakuila hata siku moja. Jua likizama alikuwa anaitoa, anaiweka katikati ya sinia letu la futari pamoja na mahamri na mbaazi na uji wa pilipili manga, anapokea tende kwa Fundi kwa mikono miwili. Bi Zena akamsifu majirani wakasikia: mtoto wa watu si Muislamu, lakini ana adabu kuliko wenye dini. Mimi niliyefunga hakuna aliyenisifu. Nani husifiwa kwa faradhi? Nikawa namwonea wivu Katana hata kwa saumu ambayo haikuwa yake.

Kumi la pili yakanipata ya wanawake, nikawa siku zile sifungi. Mwanamke wa kwetu hali hiyo huificha: utapika, utaandaa futari, utameza maji chooni, na mwanamume hatajua. Kutwa moja nilivumilia. Siku ya pili likaja bampa la gari la kubebea abiria, Katana akanyoosha mkono kuchukua koleo, na mimi nikasikia sauti yangu inasema, "Fundi, leo mimi naweza kunusa." Fundi akauliza, "Waweza vipi, nawe umefunga?" Nikasema, "Naweza tu." Fundi Shee akaelewa, akainamisha kichwa akatazama vidole vya miguu yake. Mwenye gari, mtu mzima, akajikohoza akageukia ukuta. Uso wangu uliwaka kuliko kile kijipande nilichokiwasha. Nikakizima, nikanusa, nikasema, "Mshumaa." Na ulikuwa mshumaa, hakuna ubishi. Lakini Katana, ambaye alikuwa amesimama hatua sita kutoka kwangu, upepo ukimpelekea moshi wangu, akasema kwa kile kisauti chake, "Una mpira ndani, dada. Kidogo." Fundi akaniambia, "Nyuma pasemaje?" Nikalala chini ya gari. Zilikuwa herufi nyingi, PP halafu alama ya kujumlisha halafu EPDM, na sote tulijua zile ndefu ndizo zenye mpira, zinazotaka vijiti laini. Nilibaki kule chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikazisoma kwa sauti, moja moja, maana ndiyo iliyokuwa kazi yangu: nilimsomea mwenzangu ushahidi wa kunishinda, nikiwa nimeuza siri yangu kwa ajili hiyo.

Idi ikaja ikapita, na pua haikurudi kwangu. Hakuna aliyetangaza, asubuhi ya kwanza Fundi alimpa Katana koleo, basi. Mwaka ule Fundi alikuwa amejaaliwa kwenda Hija. Alikuwa ameshanunua ihramu, imekunjwa juu ya kabati, na ua mzima ulijua kwamba lazima amwachie mtu kigoda. Mwenye kigoda ndiye anayefungua makopo, ndiye anayetoa hukumu, na ndiye wateja wanayemwita Fundi. Nilikitaka. Nilikitaka kuliko nilivyotaka kuolewa, na posa mbili zilikuwa zimekuja. Mimi kama mwanamke nilikuwa nakula ndani, kwenye kibaraza cha jikoni, na dirisha la chumba cha Fundi lilikuwa juu ya kichwa changu. Adhuhuri moja nilikuwa natafuna muhogo wa nazi nikamsikia Bi Zena anauliza, "Kigoda utamwachia nani?"

"Katana."

"Na mtoto wa kike? Si ndiye aliyetangulia?"

"Mwanaisha ana akili, asoma vyema. Lakini kusoma, hata mgeni apitaye ndiani atasoma. Pua ile yaandikwa na Mngu."

"Ataumia moyo."

"Atapoa," Fundi alisema.

Ule muhogo niliumeza mzimamzima. Laiti angesema sifai, ningelia nikanyamaza. Kilichonichoma ni lile atapoa.

Wiki haikupita akaja Mwalimu Dama, mwalimu mkuu wa shule moja ya jirani, na gari lake jeupe; bampa la nyuma limepasuka kuanzia kwenye taa hadi chini. Nikaingia chini na tochi na wembe. Herufi zilikuwa wazi kama zimeandikwa jana: ABS. Halua. Mfukoni mwa aproni yangu mlikuwa na kipande cha bampa la pikapu kuukuu, tulilokuwa tukilikata vijiti asubuhi ile, mshumaa mtupu. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka wembe unakata kile kipande cha mfukoni, na kidole gumba changu kimeziba zile herufi, kana kwamba kuna wa kuziona. Nikatoka, nikampa Katana kijipande.

Akakiwasha, ulimi wa buluu, tone, tone. Akakizima, akanusa. Akanusa tena. Hajawahi kunusa mara mbili. "Mshumaa," alisema, akikitazama kijipande, si mimi. "Nyuma pasemaje?"

"Pamefutika."

Fundi alikuwa ameshavaa kanzu, anavuka kwenda mjini kuchanjwa kwa safari. "Basi mshumaa," akasema. "Katana, mfanyie Mwalimu kazi safi, nikirudi nilikute." Akaondoka.

Mwenye wivu haoni hatua ya pili. Sikuwa nimefikiri kwamba bampa lenyewe litasema. Katana alipoweka ncha ya chuma cha umeme kwenye ule ufa, moshi mwembamba ukapanda, mtamu, na ua mzima ukanuka sufuria ya halua. Nilisimama na kitambaa cha vumbi mkononi nikingoja ainuke. Hakuinuka. Alikiweka chuma chini, akakaa, akasema, "Dada, nyuma pasemaje?" Nikamwambia nimeshamwambia. Akaenda mtungini akanywa maji. Akarudi, akakitia chuma moto, akakiacha kikapoa, akakitia tena. Kazi ya saa moja ilichukua tangu adhuhuri hadi adhana ya alasiri ikapita. Aliuliza mara ya pili, sauti ileile, nami nikamfanyia mzaha: "Katana, hili bampa lina mimba? Mbona halizaliki?" Hakucheka. Alipomaliza msasa, kabla ya kutia rangi, akaja akasimama mbele yangu na brashi. "Dada. Nyuma pasemaje?"

"Pamefutika, Katana!" nikasema. "Au nikuandikie?"

Alijua nimesema nini. Darasa la nne hakulimaliza, na herufi alizozijua zilikuwa za jina lake. Alirudi kwenye gari, akapaka rangi, hakuniuliza tena. Usiku ule nilijiambia kwamba hakunusa, ana mafua, rangi imemharibu pua. Anayetaka kujidanganya hakosi hoja.

Siku ya nne Mwalimu Dama akarudi, na bampa liko butini vipande vipande. Lilimdondoka daraja la Nyali, kwenye foleni, na gari la nyuma likalipanda. "Fundi Shee, nimeaibika mbele ya watu na wanafunzi wangu," alisema, na hilo ndilo lililomkata Fundi, maana katika mikono yake hakijawahi kurudi kitu. Akachukua kipande kimoja akakipapasa. Pale palipochomelewa palikuwa laini, pamebanduka bila hata mkwaruzo. Akawasha kibiriti, moshi mweusi, akanusa mwenyewe.

"Halua," alisema. "Katana."

"Naam, Fundi."

"Wewe ulisema mshumaa."

"Nilisema."

"Pua yako ilikuwa wapi?"

Mimi nilikuwa nakusanya vipande. Kile chenye herufi kilikuwa mkononi mwangu. Nilikigeuza uso chini. Katana alinitazama, mara moja tu, kisha akamtazama Fundi. "Nimekosa, Fundi," akasema. Fundi akangoja aongeze neno. Katana akarudi kwenye msasa wake.

Kigoda nikapewa mimi. Fundi aliniita mbele ya Bi Zena, akaniwekea mkono kichwani, akanikabidhi funguo. Wiki sita nilikikalia, na nitakuambia ukweli wa kigoda kile: mguu mmoja ulikuwa mfupi. Wateja walikuja wakinisalimia vizuri, kisha macho yao yakazunguka uani. "Yule mwenye pua yuko wapi?" Nami kila kijipande nilichokichoma, kabla sijafungua kopo, nilijikuta namtazama Katana kule kwenye msasa wake, nione kama ameinua kichwa. Akitulia, ninafungua. Akikohoa kidogo, ninanusa tena. Hakuninyima hata mara moja. Aliniita dada vilevile, akanipisha mlangoni vilevile. Ningependa aninunie. Fundi aliporudi na maji ya zamzam na tende za Madina, Katana alipokea za kwake, akashukuru, akaomba ruhusa aondoke, akavuka kwenda Changamwe. Mimi nilibaki pale miaka kumi na moja, na katika miaka ile kila lori lililotoka upande wa Changamwe niliuliza habari zake kwa mlango wa nyuma: ana ua wake, ana mashine ya hewa moto, ana watoto wawili wa kiume wanaofanya naye kazi, watu wanatoka Likoni kumfuata. Kila habari njema yake niliipokea kama mtu aliyeibiwa.

Basi siku ya khitma Bi Zena akaniambia nimpelekee Katana kahawa. Nikamkuta ameshatoka jamvini, amekaa peke yake kule nyuma, uani petu. Kipaa kimeondolewa, kuku wanazunguka, lakini ukutani misumari ya kutundikia bampa bado ipo. Aliinuka aliponiona. Ndevu zimeingia mvi, mikono ni ileile. "Dada Mwanaisha," alisema. "Shikamoo sasa nikupe, umekuwa mtu mzima." Tukacheka. Nikampa kikombe. Tukaulizana watoto, tukaulizana miguu na migongo, tukamsifu marehemu. Na mimi, ambaye nilikuja na kahawa tu na nia ya kuangalia vazi lake ni la bei gani, nikasema, "Katana, lile bampa la Mwalimu Dama."

"La halua," akasema.

"Ulijua."

"Kile kijipande kilikuwa cha pikapu ya asubuhi, dada. Mimi ndiye niliyeikata. Kilikuwa na mafuta ya mikono yangu." Akanywa kahawa kidogo. "Na chuma kilipogusa, hata kuku walijua."

"Sasa mbona ulichomelea?"

"Wewe ulishaona kazi ya saa moja ikala mchana kutwa? Nilikuwa nakungoja. Nikasema, sasa atasema. Nikanywa maji, nikasema, sasa. Hivyo hivyo." Akakizungusha kikombe. "Uliposema uniandikie, nikapata hasira. Nikasema wacha lianguke. Hilo ni kosa langu, nalo nililisema kwa Fundi: nilisema nimekosa. Sikumwambia uongo."

"Ungeweza kunitaja."

"Angekufukuza, na safari yake iko mlangoni. Angemwachia nani? Bampa zingekuja na maandishi nyuma, mimi ningesimama nazitazama kama picha." Akatabasamu. "Hata sasa ni vijana wangu wanaonisomea. Mzee alipokuwa mgonjwa nilikuja siku moja ya Jumanne, akaniambia, Katana, nililinusa mwenyewe lile bampa, pua kama yako haikosei halua. Nikamwambia, Fundi, yale yamepita. Akasema, yule mtoto aniletea supu kila Ijumaa, nangoja aniambie."

Nilikaa chini, nikaegemea ukuta. Ijumaa zote zile. Kijiko, supu, na yule mzee akinitazama kwa macho yale yasiyoona, akimeza, akingoja. Na hata katika kulijua hilo, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonipanda ni kwamba alimwambia Katana, hakuniambia mimi.

Katana akaweka kikombe chini. Akanyoosha kidole kuelekea ukutani, kwenye msumari mtupu, pale palipokuwa pakitundikwa bampa za nyuma.

"Dada," alisema kwa kile kisauti chake. "Nyuma pasemaje?"

Ndani walikuwa wanaitikia amina ya dua ya mwisho. Nilingoja wamalize.

"Panasema ABS," nikamwambia. "Wazi kabisa. Hapakuwa pamefutika."

Aliitikia kwa kichwa, vile vile alivyokuwa akiitikia zamani nikimsomea. "Basi ni halua," akasema.